Barua ya wazi kwa wakuu wa kilimo na mifugo: tuzalishieni oti ya ng'ombe

Kwa: Waziri wa Kilimo na Maendeleo ya Mifugo, Mkurugenzi Mkuu wa KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo nchini Kenya), na Magavana wa kaunti za nyanda za juu, kuanzia Nyandarua na Nakuru hadi Elgeyo Marakwet, Meru na Bomet

KUH: AINA BORA ZA OTI KWA MALISHO YA MIFUGO

Waheshimiwa,

Ombi langu ni moja, na nitalitaja mapema ili msomaji mwenye haraka asilikose. Anzisheni kazi ya kudumu ya kuchagua na kuzalisha aina za oti, ile nafaka ambayo mmea wake hukatiwa ng'ombe, kwa ajili ya malisho hapa hapa nyanda za juu, kazi yenye watu wake na bajeti yake ya kila mwaka, kisha mbegu zake zitufikie sisi wafugaji wadogo kwa vipimo tunavyoweza kununua. Yanayofuata ni maelezo tu ya kwa nini nasema hivyo.

Mimi ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa Kinangop. Huku tuko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Januari na Februari, usiku ukiwa hauna mawingu, jalidi hushuka, na ukitoka alfajiri kwenda kukamua unaikuta nepia, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, imebabuka na kuwa nyeusi kama iliyomwagiwa maji ya moto. Nepia ndiyo inayosifiwa katika kila semina ya ufugaji nchini, na kwa watu wa Kiambu ya chini, Murang'a au Kakamega sifa hizo zinaistahili. Kwetu inadumaa. Brachiaria, nyasi ya malisho ambayo siku hizi ndiyo gumzo, nayo haipendi baridi hii. Mahindi ya sileji, yale yanayokatwakatwa mabichi na kuvundikwa kuwa akiba ya chakula cha ng'ombe, yanakaa shambani zaidi ya nusu mwaka, na mwenye ekari mbili zenye viazi, kabeji na boma la ng'ombe hana nusu mwaka wa kusubiri.

Kinachobaki ni oti. Unaipanda mvua zikianza, na baada ya miezi mitatu hivi unakata. Jalidi inayoua mahindi huipita oti ikiwa imeinama kidogo tu. Ukiichanganya na vechi, ile mikunde inayotambaa na kutoa maua ya zambarau, unapata chakula chenye protini bila kukimbilia gunia la dairy meal, chakula cha ng'ombe cha dukani. Na chakula ndicho kinachokula pesa ya mfugaji: katika gharama zote za kuzalisha lita moja ya maziwa, sehemu kubwa kuliko zote huenda kwenye kulisha. Kwa hiyo msione ninapigania majani. Napigania bei ya kuzalisha maziwa katika kaunti zinazotegemewa na viwanda vya maziwa vya nchi nzima.

Sasa, oti tunayopanda ni ipi? Hapo ndipo pana shida. Uliza mfugaji jirani yangu amepanda aina gani, atakujibu "oti." Amenunua sokoni kwa gorogoro, lile kopo la kupimia nafaka, kutoka gunia ambalo halina maandishi yoyote, na aliyemuuzia pia alinunua kwa mtu. Ndani ya gunia hilo utakuta punje nyeupe, punje za kijivu, punje nyembamba zenye nywele ambazo mkulima wa ngano akiziona anashtuka, maana hizo ni za oti mwitu, gugu ambalo likishaingia shambani halitoki kwa maombi. Ukienda kwenye vitabu vya malisho vya Kenya, majina unayokutana nayo ni Suregrain na Lampton. Ni aina nzuri, ziliwalisha ng'ombe wa wazazi wetu. Lakini mfugaji wa leo bado anasomewa majina yale yale, na hata hayo hawezi kuyapata dukani akiwa na uhakika kwamba kilichomo ndani ya mfuko ndicho kilichoandikwa nje.

Tena kuna jambo ambalo watu wa ofisini hulipita haraka. Oti nyingi duniani zimezalishwa kwa ajili ya punje: uji, biskuti, chakula cha farasi. Mzalishaji wa oti ya punje anatafuta mmea mfupi usioanguka, unaokomaa mapema, unaoweka nguvu zake kwenye suke, na unaoiva shamba zima siku moja ili mashine ipite mara moja tu. Mimi nataka karibu kinyume cha hayo yote. Nataka majani mengi na mapana, shina laini ambalo halimchoshi mtu mwenye panga wala halizibi mashine ya kukatakata, mmea unaochelewa kutoa suke ili niwe na wiki mbili tatu za kukata kidogo kidogo badala ya siku tatu, na ambao nikiukata unachipua tena. Kwa ng'ombe, tofauti ya wiki mbili ni kubwa. Oti iliyokatwa suke likiwa bado limefungwa ndani ya jani, pale ukiminya shina kwa kidole gumba unahisi uvimbe, ina protini ya asilimia 12 au zaidi na inasagika vizuri tumboni. Ikifikia punje ngumu, protini imeshuka chini ya asilimia 10 na shina limegeuka kuwa kuni. Aina inayokimbilia suke inamnyima mfugaji mdogo muda, na muda ndio tusio nao, kwa sababu hatukati shamba zima kwa siku moja. Tunakata mzigo wa leo, na kesho mzigo wa kesho.

Mkitaka kuona shida kubwa kuliko hiyo, njooni Julai. Ukungu umetanda, manyunyu hayakatiki, na ukipita katikati ya shamba la oti suruali inatoka na vumbi la rangi ya chungwa kuanzia gotini kwenda chini. Hiyo ni kutu. Kuna kutu ya majani, ambayo kwa oti ni kuvu iitwayo Puccinia coronata, na kuna kutu ya shina, jamaa ya ile inayosumbua ngano. Jani lenye kutu hukauka kabla ya wakati wake, mmea hupoteza maji na sukari, na ng'ombe huinusa horini akaiacha. Wengi wetu hukata mapema kwa hofu, tukapoteza nusu ya uzito, au tukangoja tukapoteza ubora. Sijawahi kuona dawa ya kuvu ikinyunyiziwa oti ya malisho katika shamba la mfugaji mdogo, na wala sitaki kuiona, kwa kuwa kinachonyunyiziwa leo kinaliwa kesho na kukamuliwa keshokutwa. Kinga ya kweli iko ndani ya mbegu.

Na kinga iliyo ndani ya mbegu haidumu milele. Hili watafiti wenu wanalijua kuliko mimi, lakini wanaogawa fedha ni kama hawalijui. Kuvu ya kutu hujibadilisha. Aina ya oti inayosimama imara leo huweza kuanguka miaka michache baadaye kwa sababu limezuka kundi jipya la kuvu lenye uwezo wa kuipenya. Ndiyo maana wazalishaji wa oti duniani hurudi tena na tena kwa ndugu wa porini wa oti, hasa Avena sterilis, kutafuta vinasaba vipya vya ukinzani. Kazi hii haina mwisho. Ukiipa mradi wa miaka mitatu, mwaka wa nne kuvu inaendelea kufanya kazi na mtafiti amehamishwa.

Kuhusu miradi, niseme kidogo. Huku kwetu pana kibao cha mradi wa malisho kando ya barabara, rangi imeanza kubabuka, nembo za wafadhili bado zinasomeka. Wataalamu walikuja, wakapanda mistari mizuri yenye vibandiko, wakatuita siku ya maonyesho, tukala chapati na kunywa soda, tukauliza mbegu tutapata wapi. Tukaambiwa utaratibu unaandaliwa. Mistari ile ililiwa na kondoo wa watu. Siwalaumu vijana waliokuja. Walifanya kazi yao na ripoti iliandikwa. Lakini ripoti haipandwi.

Na Kenya si mgeni katika kazi hii. Hapo Njoro, mwanzoni mwa miaka ya 1900, Lord Delamere aliona ngano yake ikiangamizwa na kutu akalazimika kuajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu. Mwaka 1927 kituo cha kuzalisha mbegu kikaanzishwa pale pale. Miongo kadhaa baadaye, kutu ya shina ya ngano iitwayo Ug99, iliyogunduliwa Uganda mwaka 1998, ilipoitia dunia hofu, ni Njoro iliyogeuzwa uwanja wa kupimia ngano za mataifa mengi. Kila msimu maelfu ya mistari ya ngano kutoka Marekani, India, Mexiko, Ethiopia na kwingineko hupandwa Njoro ili iambukizwe kwa makusudi, na watu wetu, Wakenya, ndio wanaopita mstari kwa mstari na kusoma kutu kwa macho. Ujuzi huo upo. Macho hayo yapo. Ni kweli kutu ya ngano haishiki oti na ya oti haishiki ngano, kila moja ina kuvu wake, lakini namna ya kuitafuta, kuikuza, kuipulizia na kuipima ni ile ile. Kuongeza mistari michache ya oti pembeni ya ngano hakuhitaji kujenga jengo jipya wala kukata utepe.

Kitale nayo ina historia ya kujivunia katika malisho. Boma Rhodes, nyasi ambayo leo inafungwa marobota kuanzia Kajiado hadi Laikipia, ilitoka kwenye kazi ya Kitale, pamoja na ndugu zake Elmba, Mbarara na Masaba. Nandi setaria, nyasi iliyochaguliwa huko huko, ilivuka bahari ikawa malisho ya Australia. Kazi hiyo ilifanywa na watu waliokaa na nyasi zao miaka mingi, wakazijua. Sisi wa baridi tunaomba tufanyiwe kwa oti kile ambacho wenzetu wa joto la wastani walifanyiwa kwa nyasi.

Wengine walishaamua. India ilianzisha taasisi yake ya utafiti wa nyasi na malisho mjini Jhansi mwaka 1962, na kutoka hapo zikaja oti kama JHO 822 na JHO 851, hii ya pili ikikatwa zaidi ya mara moja kwa msimu. Zilizaliwa kwa ajili ya nyati wa kufugwa na ng'ombe wa wakulima wenye vipande vya ardhi kama vyetu. Australia wamezalisha oti za hei tu, yaani za kukaushwa ziwe majani makavu ya mifugo, Wintaroo, Brusher, Mulgara, na wanauza hei hiyo hadi Japani, ambako mnunuzi anapima hata unene wa shina kabla ya kukubali bei. Unene wa shina! Huku kwetu hata jina la aina halijulikani. Ethiopia, jirani yetu tu, wamekuwa wakizipima oti za malisho Holetta kwa miongo kadhaa, kwenye mwinuko unaofanana na wetu.

Najua swali la kwanza litakaloulizwa katika kikao cha bajeti: kwa nini serikali, kwa nini sekta binafsi isifanye? Jibu liko ndani ya ua la oti. Oti hujichavusha yenyewe. Mbegu ya oti ukiivuna shambani kwako na kuipanda tena, inazaa ile ile, tofauti na mahindi chotara ambayo lazima urudi dukani kila mwaka. Kampuni ya mbegu inajua kwamba mkulima akishanunua mara moja anaweza asirudi tena, basi haina haraka ya kutumia miaka kumi kuzalisha kitu cha namna hiyo. Kwa mfugaji hiyo ni baraka. Kwa mwekezaji ni hasara. Kazi ambayo faida yake inabaki kwa mkulima badala ya kurudi kwa kampuni ndiyo hasa kazi ya taasisi ya umma, na tukiwaachia wenye maduka tutangoja sana.

Miaka kumi nimeitaja makusudi, maana si siri. Kuzalisha aina mpya kuanzia mwanzo huanza na mtu mwenye kibanio kidogo na subira kubwa, anafungua ua dogo sana, anaondoa chavua ya kiume kabla haijapevuka, kisha analeta chavua ya mzazi mwingine. Mara nyingi haishiki. Inaposhika, watoto wanatofautiana, na inachukua kama vizazi sita vya kujichavusha kabla mstari haujatulia na kuzaa sawasawa. Halafu majaribio ya maeneo mbalimbali, halafu vipimo vya KEPHIS, shirika la serikali linalokagua mbegu na afya ya mimea, halafu kuzidisha mbegu. Lakini nchi yetu ina bahati ambayo Kanada na Uswidi hawana: ukiwa na maji ya kumwagilia, unaweza kupanda vizazi viwili kwa mwaka. Na tangu mwaka 2022 ramani kamili ya vinasaba vya oti imechapishwa, kazi iliyochelewa kwa sababu mmea huu una seti sita za kromosomu, 42 kwa jumla, na umewatesa wanasayansi. Leo maabara inaweza kukagua jani la mche mchanga na kujua kama umebeba kinga ya kutu kabla haujafikisha wiki tatu.

Isitoshe, hatuhitaji kungoja miaka hiyo yote ndipo tuone kitu. Hatua ya kwanza ni kuagiza na kuchuja. Hifadhi ya mbegu ya Saskatoon, Kanada, ina zaidi ya sampuli 20,000 za oti na ndugu zake. Hifadhi ya ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, mjini Addis Ababa ni miongoni mwa zenye mkusanyiko mpana zaidi wa mimea ya malisho duniani. Kenya ni mwanachama wa Mkataba wa Kimataifa wa Rasilimali za Kijenetiki za Mimea kwa Chakula na Kilimo, na oti imo katika orodha ya mimea inayobadilishana mbegu kwa utaratibu mwepesi chini ya mkataba huo. Mlango uko wazi. Agizeni mia chache, ziwekeni karantini inavyotakiwa, zipandeni Njoro kwa ajili ya kutu, Ol Joro Orok na Kinangop kwa ajili ya jalidi, Molo na Timau kwa ajili ya tofauti ya mvua. Baada ya misimu michache mtakuwa na chache zinazofaa kuanza kupewa wafugaji huku wazalishaji wakiendelea kuchavusha na kuchanganya aina zao.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo limeua juhudi zote zilizotangulia, na ambalo ningeomba mlisome mara mbili. Mfugaji wa oti havuni mbegu. Anakata suke likiwa tumboni, mmea unaingia horini, mchezo umekwisha. Kwa maharagwe au mahindi, hata mradi ukifa, mbegu nzuri hutembea yenyewe kutoka jirani hadi jirani kwa sababu kila mtu anavuna punje. Oti ya malisho haitembei. Lazima awepo mtu aliyeamua kuacha ekari nzima isikatwe, isubiri ikauke, ivunwe kama nafaka. Mtu huyo huku juu ni nadra, na hata akiwepo hali ya hewa inamshinda: oti iliyopandwa masika inakomaa kwenye manyunyu ya Julai na Agosti, punje zinaota zikiwa bado kwenye suke au zinashika ukungu ghalani. Mbegu nzuri ya oti inafaa izalishwe mahali pakavu zaidi, upande wa Naivasha, Laikipia au Narok, kisha ipandishwe huku tunakoitumia. Mzalishaji wa mbegu na mtumiaji ni watu wawili, kaunti mbili, na hakuna anayewaunganisha.

Hapo hapo pana mtego mwingine. Aina ninayoitaka mimi, yenye majani mengi na inayochelewa suke, mara nyingi hutoa punje kidogo. Yule mkulima wa Narok atakayeombwa azalishe mbegu yake ataangalia magunia kwa ekari, ataona ngano inamlipa zaidi, ataachana nayo, na hana kosa. Kwa hiyo mtafiti akipima majani peke yake atatupatia aina nzuri sana ambayo hakuna atakayekubali kuizalishia mbegu. Akipima punje peke yake tutarudi tulikotoka. Naomba KALRO wapime vyote viwili tangu mwanzo, na serikali iweke mkataba wa kununua mbegu ya msingi kwa bei inayojulikana kabla ya kupanda, angalau mpaka soko lisimame. Na huyo mkulima wa Narok apewe hakikisho la jambo moja: mbegu atakayopelekewa haina hata punje ya oti mwitu. Akiona gugu hilo mara moja katika ngano yake, hatawasikiliza tena maisha.

Kwa wenzetu wa KEPHIS nina ombi fupi. Oti ya malisho inapoletwa kwenye majaribio ya kitaifa, ikatwe wakati mfugaji anapokata. Ipimwe uzito wa majani makavu, uwiano wa jani na shina, inavyochipua baada ya kukatwa, inavyosagika tumboni mwa ng'ombe, na kutu mwezi Julai.

Na wanaopima wasiwe wanaume wenye madaftari tu. Katika maboma mengi huku anayekata majani, anayeyabeba mgongoni kwa kamba na anayejua ng'ombe kaacha nini horini ni mama. Yeye atawaambia aina hii inakata mikono, ile inateleza pangani, hii ng'ombe anaimaliza hadi mabua. Waiteni akina mama shambani suke likiwa bado ndani, wapite mistari, wafunge utepe kwenye wanayoipenda, halafu mlinganishe na vipimo vya maabara. Mkikuta wametofautiana, waulizeni kwanza wao.

Magavana, msidhani barua hii ni ya Nairobi peke yake. Utafiti ni wa serikali kuu, lakini kilimo na ugani Katiba ya 2010 iliwakabidhi ninyi. Na mna sababu yenu hata kama hamjali maziwa. Mwaka 2015 iliripotiwa kwa mara ya kwanza nchini kuwepo kwa minyoo ya viazi inayojifunga kwenye vifuko mizizini, na iliripotiwa Nyandarua. Minyoo hii inakaa udongoni miaka mingi ikingoja kiazi kingine, na mkulima anayepanda viazi juu ya viazi anaifuga. Oti haiilishi. Msimu wa oti kati ya viazi unailaza njaa, na kwa mkulima ambaye hawezi kuacha shamba wazi ni zao la kubadilishia linaloleta maziwa badala ya hasara. Afisa wa viazi na afisa wa mifugo katika kaunti zenu wanakaa vyumba jirani. Wawekeni meza moja kwa hili.

Vituo vya mafunzo ya kilimo mnavyo, Njabini na Ol Joro Orok vikiwemo. Panda pale, kila msimu, aina tatu nne zilizopitishwa, pamoja na mchanganyiko wa vechi, kila moja na jina lake, ili mtu akishuka kwenye matatu siku ya soko apite aone. Vyama vya ushirika vya maziwa vipewe mifuko ya kilo mbili na kilo tano, ikatwe kwenye malipo ya maziwa ya mwisho wa mwezi. Kilo 40 hivi zinatosha ekari, na wengi wetu tunaanza na robo ekari. Mfuko wa kilo hamsini unatufukuza dukani kabla hatujauliza bei.

Maafisa wa nyanjani wafundishwe na hatari zake pia, maana nimeona mbegu nzuri ikitukanwa kwa kosa la mbolea. Oti iliyolundikiwa samadi na yuria, kisha ikapigwa na jalidi au ukame, hujaza nitrati kwenye shina, na ng'ombe mwenye njaa akiishambulia damu yake hubadilika rangi ikawa kama chokoleti, anahema, anaanguka. Dawa ipo kwa daktari akiwahi. Kinga ni rahisi zaidi: usikate asubuhi baada ya jalidi kali, changanya na majani mengine, usimpe mwenye tumbo tupu.

Mtasema fedha ya malisho kwa sasa inaelekezwa kaskazini, kwa wafugaji waliopoteza mifugo katika ukame wa 2020 hadi 2023. Sipingi, na asiyeyajali yaliyotokea Marsabit na Wajir hana moyo. Lakini marobota yaliyopakiwa kwenye malori kupelekwa huko mengi yalitoka kwenye nchi yenye mvua, na yatatoka huko tena. Aina ya oti inayokauka vizuri na kufungwa bila kupukutisha majani ni akiba ya taifa zima.

Ninachotarajia ni majibu yenye tarehe. KALRO itangaze ni nani, kwa jina na kwa kituo, anayehusika na oti ya malisho, ili tujue wa kumpigia. Wizara itenge fungu la kila mwaka katika bajeti ijayo badala ya kungoja mfadhili. Magavana wa kaunti zilizotajwa wakae na wazalishaji wa mbegu wa Laikipia na Narok kabla ya msimu wa kupanda. Kwa upande wetu, wafugaji wa chama chetu tumekubaliana kutoa vipande vya ardhi kwa ajili ya majaribio bila kodi, vyenye ua dhidi ya kondoo, na tutakata, kupima na kuandika wenyewe. Tunachohitaji kuletewa ni mbegu zenye majina, mizani, na mtafiti atakayerudi msimu wa pili.

Wenu,
Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa,
Kinangop, Nyandarua